Kodi ya nyumba ikipangiwa bei, nani anapona nani anaumia

Tangu Zohran Mamdani ashinde umeya wa New York Novemba 2025, swali limekuwa lilelile kila nikikaa na watu, iwe kazini au kwenye kiti cha saluni: kama kule wanaweza kugandisha kodi za nyumba, huku kwetu serikali inashindwa nini? Nalielewa sana hilo swali. Jamaa kazaliwa Kampala, baba yake alishafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sabini, yaani ni mtu tunayemwona kama wa kwetu, kasimama kwenye mji wenye kodi za kutisha akasema nitazigandisha na watu wakampa kura. Mpangaji wa Sinza ambaye juzi tu kaambiwa kodi inapanda kuanzia mwezi ujao na alipe ya miezi sita kwa mkupuo, atakosaje kuuliza na sisi lini.

Shida ni kwamba ubishi ukianza kila mtu anaongelea kitu chake. Mmoja anataka kodi zishushwe, mwingine anataka zisipande, wa tatu kinachomuuma hasa ni kulipishwa mwaka mzima mbele, wa nne anasema acheni soko liamue hizo sera zimeua miji ya watu, na wote wanne wanatumia neno moja, kudhibiti kodi. Hivyo ni vitu tofauti na kila kimoja kina gharama yake, kwa hiyo ngoja tuvitenganishe taratibu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kinaita "kodi" hela unayompa mwenye nyumba na hela unayopeleka TRA, ndo maana habari ikisema "kodi ya nyumba kupanda" nusu ya watu wanawaza serikali na nusu wanamuwaza mama mwenye nyumba. Hapa naongelea kodi ya pango tu. Na nikisema kudhibiti kodi namaanisha sheria inayomwambia mtu mwenye nyumba yake, aliyoijenga kwa hela yake, kwamba unachoruhusiwa kumdai mpangaji mwisho wake ni hapa.

Sasa hiyo "hapa" ndo inatofautiana. Kuna udhibiti mgumu kabisa, kodi inakaa palepale ilipo miaka nenda rudi. Huu wa kugandisha mara nyingi ulizaliwa kwenye shida za vita, New York walianza 1943 wakati Marekani iko vitani, na kule Bombay, India, sheria ya 1947 ilizirudisha kodi kwenye kiwango cha 1940. Halafu kuna udhibiti laini, kodi inaruhusiwa kupanda ila kwa kiasi. Majirani zetu Uganda wanao kwenye sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022, kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. California nao tangu 2020 ni asilimia 5 ukijumlisha na mfumuko wa bei lakini isizidi 10, na jengo ambalo halijafikisha miaka 15 haliguswi. Mwisho kuna ule unaomlinda mpangaji akiwa ndani tu, siku akihama mwenye nyumba yuko huru kumpangia bei mpya anayekuja.

Ukishajua hivyo hata ahadi ya Mamdani unaielewa vizuri. Haikuwa kodi zote za New York. Inahusu nyumba karibu milioni 1 ambazo tayari ziko kwenye mfumo maalum, nyingi ni za majengo ya kabla ya 1974 yenye familia sita na kuendelea, na kila mwaka kuna bodi ya watu 9 wanaoteuliwa na meya inayokaa na kusema mwaka huu kodi zipande asilimia ngapi. Kabla ya Mamdani bodi hiyo ilishasema sifuri kwa mikataba ya mwaka mmoja mara tatu, 2015, 2016 na 2020. Kwa hiyo kugandisha kwa kule ni bodi kuandika sifuri, kwenye nyumba ambazo zilishazoea kupangiwa bei miaka mingi. Anayekaa kwenye ghorofa jipya la kioo hayumo.

Sasa ili uone bei ikibanwa inaenda wapi huna haja ya kwenda New York, panda daladala. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, konda hawezi kuamka tu akasema leo ni buku jero. Lakini njoo saa kumi na mbili jioni, foleni imeshona, kituo kimejaa, utaona gari ya Mbagala inakatishia ruti Mtongani, mnashushwa, unapanda nyingine unalipa tena. Kwenye karatasi nauli haijapanda hata senti, mfukoni umelipa mara mbili. Au gari haitengenezwi, siti zimechanika, mvua ikinyesha unalowa ukiwa ndani.

Lakini geuka upande wa pili umwangalie bodaboda, ambaye yeye hana wa kumpangia. Siku ya mvua safari ya elfu mbili anakwambia elfu tano na unalipa kwa sababu mtoto yuko shule. Ndo mtego wenyewe huo, daladala bei yake unaijua ila huna uhakika kama itafika, bodaboda atafika ila bei ataijua yeye siku hiyo. Ubishi wote wa kodi za nyumba duniani ni kuhusu tupate unafuu wa daladala bila kukatishiwa ruti.

Na nyumba ni ngumu kuliko usafiri kwa sababu moja kubwa, kuhama. Boda wa kwanza akikupandishia unamfuata wa pili pale pale kijiweni. Ukipandishiwa kodi hauhami leo. Kuna dalali anataka mwezi wake mmoja, kuna gari ya kubeba vitu, shule ya watoto, umbali wa kazini, majirani waliokuwa wanakuangalizia mtoto, kikoba chako kiko mtaa ule. Mwenye nyumba analijua hilo. Anaweza kukuongezea elfu thelathini siyo kwa sababu nyumba imekuwa bora, ila kwa sababu amepiga hesabu kwamba kuhama kutakugharimu zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kupandishiwa kutoka 150,000 hadi 200,000 kwa taarifa ya wiki tatu, choo kile kile, maji ya ndoo yale yale, na nikalipa, maana mwanangu alikuwa anafanya mtihani wa darasa la nne mwezi huo. Anayesema mpangaji asiyetaka si ahame hajawahi kuwa mpangaji mwenye familia, au amesahau. Hiyo ndo hoja ya kweli ya kudhibiti kodi na nadhani ina nguvu kuliko zile za kuwachukia wenye nyumba.

Je inafanya kazi? Ushahidi ulio bora kuliko wote ninaoujua unatoka San Francisco. Mwaka 1994 wananchi walipiga kura kuingiza kwenye udhibiti nyumba ndogo za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1980, zilizojengwa kuanzia 1980 zikaachwa huru. Wachumi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaona hapo kuna kipimo cha bure, maana una nyumba mbili zinafanana, moja imebanwa na nyingine haijabanwa, tofauti ni mwaka wa kujengwa tu. Wakafuatilia miaka mingi na matokeo yakachapishwa 2019. Waliokuwa wamepanga kwenye nyumba zilizobanwa, uwezekano wa kuendelea kukaa palepale uliongezeka kwa kati ya asilimia 10 na 20, na waliofaidi zaidi ni wazee na waliokuwa wamekaa muda mrefu. Hilo si jambo dogo, ni mzee kubaki karibu na hospitali yake, ni mtoto kumaliza shule aliyoanzia.

Ila wenye nyumba hawakukaa wakiangalia. Wengine waliuza nyumba kwa watu wa kuishi wenyewe, wengine wakabomoa wakajenga upya, na nyumba za kupanga kwenye kundi lile zikapungua kwa asilimia 15. Zilizobaki zikagombaniwa, na kodi za mji mzima zikapanda kwa asilimia 5.1 kwa makadirio yao. Yaani mtu aliyefika San Francisco 2005 kutafuta chumba alikuwa analipia, bila yeye kujua, unafuu wa mtu aliyefika 1990.

Naomba usome tena sentensi hiyo kwa sababu kwangu ndo kiini cha mambo yote. Udhibiti wa kodi unamsaidia kwelikweli aliyeko ndani, na bili inaenda kwa aliyeko nje. Aliyeko nje ni nani? Ni binti anayetoka Singida kuja kuuza duka Kariakoo, ni kijana amemaliza chuo bado analala kwa shemeji, ni ndoa changa inayotafuta chumba na sebule. Hao hawaendi kwenye mkutano wa hadhara kudai kwa sababu bado hawajafika, na hata wakifika hawajui kwamba chumba wanachokikosa kingekuwepo.

Berlin waliona hivyo kwa haraka zaidi. Februari 2020 jiji liligandisha kodi za nyumba kama milioni 1.5 kwa kiwango cha Juni 2019, ila majengo ya kuanzia 2014 yakaachwa ili wajenzi wasikimbie. Waliokuwa ndani walipumua. Lakini matangazo ya nyumba zilizobanwa yakashuka kwa karibu nusu, kwa sababu aliye ndani hatoki na mwenye nyumba aliye na chumba wazi anaona bora auze, na kodi kwenye yale majengo mapya yasiyobanwa zikapaa. Aprili 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria yote ikisema jiji halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Stockholm wao hawakufutiwa, wana foleni ya jiji ya kupata nyumba za kodi nafuu yenye watu zaidi ya 700,000, na wengi wanasubiri miaka karibu kumi, katikati ya mji zaidi ya hapo. Mtoto wa kule anajiandikisha foleni akifika miaka 18 kama sisi tunavyochukua kitambulisho.

Lakini mji ambao mtu wa Dar anatakiwa kuuangalia ni Mumbai, ile Bombay ya zamani. Kodi zilipogandishwa kwenye kiwango cha 1940 zikabaki huko huko kwa miongo, hela ikatafuta mlango mwingine. Mpangaji anayeingia akawa analipa hela nyingi mbele kwa mkupuo, halafu kila mwezi kodi ya kichekesho, na akitaka kuondoka anamuuzia mwingine haki ya kukaa, mwenye nyumba anapata fungu lake. Hela hiyo wanaiita pagdi. Unajua pagdi ni nini? Ni kilemba, kile cha kichwani. Na Kariakoo ukitaka fremu nzuri utaulizwa nini kabla ya kodi? Kilemba. Wakenya wanasema goodwill, sisi na Wahindi tunasema kilemba. Kila mahali ambapo nafasi ina thamani kubwa kuliko bei iliyoandikwa, ile tofauti haipotei, inavaa kilemba. Na majengo yenyewe kule Mumbai mengi yamechoka vibaya, mwenye nyumba anayepokea kodi isiyotosha hata mfuko wa simenti hawezi kukarabati ghorofa nne, msimu wa mvua ukifika kuna yanayoanguka na watu wanakufa.

Cairo nako kulikuwa na mikataba ya zamani inayorithiwa, ghorofa katikati ya mji kwa paundi chache za Misri kwa mwezi, hela isiyonunua hata chakula cha siku moja. Mahakama Kuu ya Katiba iliamua mwishoni mwa 2024 kwamba hiyo haiwezi kuendelea, na sheria iliyosainiwa Agosti 2025 imewapa wapangaji wa nyumba za kuishi miaka 7 kabla mikataba hiyo haijaisha. Sasa kuna wazee wenye umri wa babu zetu wanaojiuliza wataenda wapi. Hapo ndo unaona ubaya mwingine wa kugandisha, kwamba kuanza ni rahisi ila kutoka ni maumivu, kwa sababu kadiri unavyochelewa pengo kati ya kodi ya sheria na kodi ya mtaani linazidi kupanuka. Fanya hesabu ndogo tu, chumba cha 80,000 kikigandishwa na bei za vitu zikawa zinapanda asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka 10 ile 80,000 inanunua vitu vya kama 54,000 za leo. Theluthi ya kodi imeyeyuka bila mtu kuigusa.

Watu wengi hawajui kwamba na sisi tulishapita huko. Tanganyika na baadaye Tanzania ilikuwa na sheria za kudhibiti kodi tangu enzi za mkoloni, ya mwisho ikiwa ya 1984, iliyokuwa na mabaraza ya nyumba ya mikoa. Kabla yake 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalikuwa yameshataifishwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambayo baadaye yaliunganishwa na Shirika la Nyumba. Kodi za majengo hayo zilikaa chini miaka mingi. Waliopata walipata kweli, lakini ukimuuliza mzee yeyote wa Upanga au Kisutu atakusimulia habari za lifti zilizokufa na mabomba yaliyooza, na lile la mpangaji wa shirika kumpangishia mtu mwingine kwa bei ya mtaani na kuweka tofauti mfukoni lilikuwa jambo la kawaida tu, shirika lenyewe limelilalamikia miaka nenda rudi. Yaani unafuu uliokusudiwa kwa mwananchi ulikuwa unachukuliwa na mwananchi mmoja aliyewahi funguo. Sheria ile ilifutwa 2005 na tangu hapo kodi ni makubaliano yako na mwenye nyumba.

Na kuna jambo ambalo kwenye huu ubishi huwa linapita bila kuangaliwa, sheria ile iligusa nyumba ngapi kwa kweli? Nyumba ya Kiswahili ya Manzese au Tandale, vyumba sita korido katikati, bibi mwenye nyumba anakaa chumba cha kwanza na wapangaji watano ndani, hakuna mkataba, risiti ni daftari la mkono au hakuna kabisa. Nani angeenda pale kupima kodi halali? Kenya ni mfano mzuri zaidi wa hili. Sheria yao ya kudhibiti kodi bado ipo, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Sasa nitafutie Nairobi ya leo nyumba ya 2,500 yenye mlango na choo. Kiwango hakikusogezwa, maisha yakasogea, sheria ikabaki inalinda watu wachache sana. Mtu akikwambia "Kenya wanadhibiti kodi" yuko sahihi kwa maandishi.

Hapa niseme na jingine, kuhusu mwenye nyumba ni nani. Tunapofikiria New York tunawaza makampuni yenye majengo mia. Kwetu mara nyingi ni mstaafu aliyemalizia kiinua mgongo chake kwenye kupaua, au mjane ambaye zile kodi tano ndo ada za watoto na dawa za presha. Simtetei kwa kila kitu, nimeshapandishiwa na mmoja wao. Ila sheria inayomwona kama kampuni itamuumiza mtu ambaye akiumia anafunga vyumba viwili anaweka kuku, na hivyo vyumba viwili ndo vilikuwa vya yule binti wa Singida.

Pia ndo hapa unaelewa kwa nini anataka kodi ya miezi sita au mwaka. Watu wanaiona ni roho mbaya tu, na wengine kweli ni roho mbaya, lakini angalia inavyofanya kazi. Huku kwetu nyumba nyingi hazijengwi kwa mkopo wa benki, zinajengwa kidogokidogo, msingi mwaka huu, ukuta mwaka kesho, na ile hela ya mwaka mzima unayompa mbele ndo inaenda kununua bati za vyumba viwili vya uani. Yaani wewe mpangaji ndo benki yake, tena benki isiyodai riba. Pili anaogopa, mpangaji akigoma kulipa kumtoa ni safari ya baraza la ardhi na nyumba isiyojulikana mwisho, kwa hiyo anakula mapema. Ukitaka kumzuia asidai mwaka lazima umpe njia ya haraka ya kumdai asiyelipa, vinginevyo atapandisha kodi kufidia wasiwasi wake au atakataa kabisa wapangaji wasio na mshahara, wamachinga na mama lishe, ambao ndo tulitaka kuwasaidia. Kongo waliweka kwenye sheria ya mwisho wa 2015 kwamba garanti, yaani hela ya dhamana anayotoa mpangaji, kwa nyumba ya kuishi isizidi miezi 3, na bado mtu wa Kinshasa au Lubumbashi atakwambia anaombwa zaidi na analipa, maana akibisha mwenzake yuko mlangoni.

Pamoja na hayo naona huo ukomo wa malipo ya mbele ndo mwanzo sahihi kwetu kuliko bei yenyewe. Piga hesabu ya anayeanza maisha. Chumba tuseme 80,000, miezi sita ni 480,000, dalali 80,000, tayari ni 560,000 kabla hajanunua godoro. Kodi ya mwezi angeiweza, mlima ni kuingia. Kumpunguzia huyu iwe miezi miwili au mitatu kunamsaidia aliyeko nje, wakati kugandisha bei kunamsaidia aliyeko ndani peke yake. Gharama zipo kama nilivyosema, ila naona ni gharama zinazobebeka.

Kuna wanaosema haya yote ni porojo, jengeni nyumba nyingi kodi zitashuka zenyewe. Wana ukweli mkubwa. Dar ilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 1 wameongezeka kwa miaka 10, hao lazima walale mahali na hakuna sheria ya bei inayozaa chumba. Na ukitaka kuona jinsi udhibiti mbaya unavyozuia vyumba visizaliwe, St. Paul kule Minnesota, Marekani, walipiga kura Novemba 2021 kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, wakajumuisha hadi majengo mapya, na maombi ya vibali vya kujenga yakaporomoka miezi iliyofuata. Septemba 2022 baraza la jiji likabadilisha, jengo jipya likapewa miaka 20 ya uhuru. Hata barabara na mwendokasi kwangu ni sera ya kodi ya nyumba. Ukimwezesha mtu wa Kibamba afike Posta kwa saa moja umempa uchaguzi wa maelfu ya vyumba ambavyo jana vilikuwa mbali mno, na mwenye nyumba wa Sinza anapoteza ubavu wa kumwambia chukua au acha.

Ila "jengeni" nayo haimjibu mtu aliyepandishiwa leo. Nyumba inachukua miaka, kodi inapanda kwa meseji. Ndo maana sikubaliani na wale wanaonukuu wachumi kwamba kudhibiti kodi ni kuua mji basi. Mchumi wa Uswidi Assar Lindbeck aliwahi kuifananisha na mabomu, na alikuwa anaongelea ule udhibiti mgumu wa kugandisha aliouona kwao. Ukomo laini ni mnyama mwingine. Dubai, ambako kuna ndugu zetu wengi wanapanga, tangu 2013 wana utaratibu kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa kupandisha kutegemea kodi yako iko chini kiasi gani ya wastani wa eneo lile, kama tofauti haizidi asilimia 10 hapandishi kabisa, na hata iwe kubwa namna gani haruhusiwi kuzidi asilimia 20 kwa mwaka. Na majengo hayajaacha kuota kule.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza leo kama serikali igandishe kodi nasema hapana, na nasema nikiwa mpangaji. Ukiniuliza kama mwenye nyumba awe huru kumuongezea mtu aliyeko ndani asilimia 30 kwa taarifa ya wiki tatu, hapana vilevile. Ningetaka kodi ipande mara moja tu kwa mwaka, taarifa miezi mitatu kabla, nyongeza iendane na mfumuko wa bei na juu yake kidogo ili fundi bomba alipwe, nyumba mpya ziachwe kwanza zipumue, mpangaji akihama bei ianze upya, na malipo ya mbele yawe na mwisho. Nalijua hili nalo lina tundu, mwenye nyumba anaweza kumtafutia mpangaji visa ili ahame apate bei mpya, mabomba yanaharibika ghafla, LUKU ya pamoja inaanza kuisha haraka. Bila sababu za kumtoa mtu kuandikwa wazi, ukomo wa kodi unageuka kuwa sababu ya kumfukuza.

Na yote hayo yanasimama juu ya karatasi, ambayo wengi wetu hatuna. Bila mkataba hakuna atakayejua kodi ilikuwa ngapi mwaka jana, ipande kutoka wapi? Wangu una kurasa mbili, umeandikwa jina, kiasi, na marufuku ya kufuga mbwa, ila jinsi kodi inavyopanda hakuna hata mstari. Muda wake unaisha mwezi wa tisa. Nimeshamwambia mama mwenye nyumba kwamba safari hii kabla ya kulipa tukae tuandike, taarifa miezi mitatu, mara moja kwa mwaka, amenijibu nimlete huyo anayejua kuandika.